Habu Nzuri Kwenye Gurudumu Bovu: Uitoe au Uiache?

Mtu akipata gurudumu la zamani ambalo rimu yake imekwisha, kwa kawaida hushika ekseli kwa vidole viwili na kuizungusha. Ikikwaruza, anatupa. Ikizunguka laini, anaweka. Kipimo hicho kinadanganya pande zote mbili. Kinachokwaruza huwa ni kitu cha kubadilishwa kwa dakika chache, na kinachoua habu (kile kitovu cha gurudumu) kabisa mara nyingi hakitoi hata sauti: ufa karibu na tundu la spoki, upana usioingia kwenye fremu yako, idadi ya matundu ambayo haina rimu.

Kwa hiyo hukumu ya uzima wa habu inategemea swali moja tu: ubovu uko kwenye kitu kinachofunguka, au uko kwenye mwili wenyewe? Gololi, koni (zile nati za kwenye ekseli zinazobana gololi ndani ya vikombe), ekseli, nati na beringi za kufungwa (zenye gololi zake ndani, zinazobadilishwa nzima) vyote vinafunguka. Mwili wa habu, flanji zake (zile sahani mbili zenye matundu ya spoki) na, kwenye habu nyingi, vikombe vinavyobeba gololi, havifunguki. Dalili zote hapa chini zinarudi kwenye swali hilo.

Usikate spoki bado

Hili linatangulia kila kitu. Kama ni gurudumu la nyuma na gia zake ni za friwili, yaani furushi la gia linalojisokota kwenye nyuzi za habu, litoe wakati gurudumu bado ni zima. Friwili hukazwa na miguu ya mwendeshaji kila anapokanyaga, na miaka kumi ya kukanyaga ni mkazo mkubwa. Ili ilegee unahitaji kushika kitu kipana, na kitu hicho ni rimu. Ukishakata spoki, unabaki na habu mkononi isiyo na mahali pa kuishika, na friwili haitoki tena bila kuibomoa. Habu nyingi nzuri zimeishia kwenye chuma chakavu kwa sababu hii tu.

Namna yake: weka kifaa cha kutolea friwili kwenye meno yake, kifungie kidogo kwa nati ya ekseli ili kisiruke, kisha kibane kwenye jiliwa huku gurudumu likiwa limelala juu yake. Shika rimu pande zote mbili na uizungushe kinyume cha saa, kama usukani wa lori. Ikishalegea tu, simama, fungua ile nati, ndipo uendelee. Ukisahau kufungua nati utavunja ekseli au kifaa.

Kaseti haina shida hiyo. Inatelezeshwa kwenye mifereji na kushikiliwa na nati moja ya mwisho, kwa hiyo inaweza kutoka hata baada ya spoki kwisha. Hata hivyo, itoe mapema, ni rahisi zaidi.

Na ukaguzi wote unaofuata ufanye kabla ya kukata chochote. Habu ikishindwa mtihani, umejiokolea kazi ya spoki 36.

Dalili: inakwaruza au inashikashika

Sababu ya kwanza, na inayosahaulika kuliko zote, ni koni zilizokazwa kupita kiasi. Habu nyingi hutoka kiwandani zikiwa hivyo na hakuna anayezigusa. Chukua spana mbili nyembamba za koni (za mbele mara nyingi ni namba 13, za nyuma 15, ila usishangae ukikuta nyingine), legeza nati ya nje, rudisha koni robo ya mzunguko, zungusha tena. Mkwaruzo ukiisha, habu haikuwa na ugonjwa wowote.

Ukibaki, fungua. Grisi ya zamani hugeuka kuwa kama gundi ya kahawia, na ndani yake kuna mchanga na unga wa chuma. Toa gololi zote, osha vikombe na koni kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa, kisha angalia njia ambayo gololi hupita.

Kwenye koni utaona mstari unaong'aa unaoizunguka. Ukiwa laini na wa upana mmoja, koni ni nzima. Ukiwa na vishimo, hasa vikiwa vimekusanyika upande mmoja, koni imekwisha. Upande mmoja una sababu yake: ekseli haizunguki, imesimama kwenye fremu, kwa hiyo uzito wa mwendeshaji unalalia sehemu ileile ya koni tangu siku ya kwanza. Kikombe chenyewe kinazunguka na gurudumu, kinagawana mzigo duara zima. Ndiyo maana koni hufa kwanza, na hilo ni bahati, kwa sababu koni ndiyo inayobadilishwa.

Kwa kikombe, macho hayatoshi. Chukua kalamu ya wino ya kawaida, pitisha ncha yake polepole kwenye njia ya gololi duara zima. Ncha ya kalamu ni gololi ndogo sana. Ikipita kwenye kishimo utakisikia kwenye vidole kabla hujakiona. Njia ikiwa laini kote, habu hiyo ichukue, hata kama koni zote mbili ni mbovu. Ukisikia kishimo kimoja au viwili vidogo, bado inafaa kwa baiskeli ya kazi za polepole; itakuwa na kelele kidogo na itakula gololi haraka. Ukisikia changarawe duara zima, iache. Kuna habu chache za zamani ambazo vikombe vyake vinaweza kung'olewa na kubadilishwa, zikiwemo za Campagnolo, lakini kama hujashika kikombe kipya mkononi, hesabu kwamba hakipo.

Gololi usizirudishe, hata zikionekana nzuri. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye gurudumu, na gololi moja iliyochakaa inawachokoza wenzake wote. Habu za mbele kwa kawaida hutumia inchi 3/16, mara nyingi kumi kila upande. Za nyuma inchi 1/4, tisa kila upande. Kama hujui idadi, jaza kikombe mpaka zisiingie tena, kisha toa moja.

Koni mpya lazima ifanane na ya zamani kwa mambo matatu: nyuzi, kipenyo na mpindo wa ile sehemu inayokutana na gololi. Watu hukagua nyuzi tu. Koni ikiingia kwenye ekseli vizuri lakini mpindo wake ni tofauti, gololi hukaa pabaya na kikombe kizima kinaanza kuliwa. Nenda na koni ya zamani mkononi, uziweke bega kwa bega.

Dalili: inacheza

Kabla ya kulaumu habu, kumbuka kwamba habu yenye ekseli ya bomba, ile ya kufungwa kwa wenzo wa mkono, inatakiwa icheze kidogo sana ikiwa nje ya baiskeli. Wenzo ukifungwa, ekseli inabanwa na kufupika kiasi kidogo mno, na ule mchezo unaisha. Ukiitengeneza ikiwa kamili mkononi, kwenye baiskeli itakuwa imekazwa mno, na hapo ndipo koni huanza kuchimbika.

Inayocheza kweli huwa na koni zilizolegea, na dawa ni spana. Kama unakaza inatulia, kisha baada ya muda mfupi inalegea tena, tazama nyuzi za ekseli karibu na nati ya nje: zikiwa zimeliwa, badilisha ekseli. Kama inacheza na wakati huohuo inakwaruza, na hakuna mkao wa koni unaoponya vyote viwili, koni au vikombe vimechimbika. Rudi kwenye kalamu.

Kwenye habu za beringi za kufungwa mambo ni mepesi zaidi, karibu kila wakati. Beringi ina namba pembeni: 608, 6000, 6001, 6902 na kadhalika. Namba hizo ni za viwanda vyote, si za baiskeli peke yake; 6902 ni milimita 15 kwa 28 kwa 7 popote utakapoinunua. Herufi 2RS maana yake ina kizibo cha mpira pande zote mbili, na hiyo ndiyo unayoitaka. Habu ya aina hii inayokwaruza kama mashine ya kusagia inaweza kuwa mpya kesho.

Ila kuna mtego mmoja. Ng'oa beringi ya zamani na uisukume mpya kwa kidole. Ikiingia yenyewe bila kugongwa, ile nafasi yake ndani ya mwili wa habu imepanuka, na beringi itakuwa inazungukia humo badala ya kuzunguka ndani kwa ndani. Wapo wanaoziba kwa gundi ya kufungia beringi, na kwa gurudumu la mbele la baiskeli ya mizunguko ya karibu inaweza kusaidia. Mimi habu ya namna hiyo siisukii spoki mpya.

Dalili: inalegea na kukaza katika mzunguko mmoja

Ukizungusha ekseli unasikia nusu laini, nusu nzito. Tazama ncha za ekseli unapoizungusha kwa vidole huku gurudumu limetulia: zikichora duara badala ya kutulia, ekseli imepinda. Hakikisha kwa kuitoa na kuiviringisha juu ya kioo. Mwanga unaopita chini yake utakuonyesha.

Habu za nyuma za friwili hupinda ekseli kuliko zote, na si kwa sababu chuma chake ni kibaya. Gololi za upande wa kulia zimekaa ndani, nyuma ya friwili, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila kuegemea kitu mpaka kifike kwenye fremu. Kadiri gia zilivyoongezeka, ndivyo kipande hicho kilivyorefuka. Habu za kaseti zilihamisha gololi za kulia zikasogea nje karibu na fremu, na tatizo likapungua sana. Ekseli mpya inatibu, lakini kama mwendeshaji ni mzito au anabeba mizigo, itapinda tena. Habu ya friwili ya gia saba ninaiweka tu kama ni ya chapa nzuri na inakwenda kwenye baiskeli nyepesi. Ya gia moja au tano haina neno.

Dalili: pedali zinateleza, au mnyororo unalegea ukiacha kukanyaga

Kama ni friwili, tupa friwili, habu haihusiki. Kama ni ya kaseti, ugonjwa uko kwenye ule mwili wa kaseti wenye vikucha vya kukamata ndani yake. Grisi iliyoganda huvifunga vikucha visiinuke: hapo pedali zinateleza. Ikivuta mwili wa kaseti usizunguke kwa uhuru, mnyororo unalegea kila ukiacha kukanyaga. Mafuta mepesi kidogo, ukizungusha kwa mkono, hufufua mingi. Ukishindwa, kwenye habu nyingi za Shimano mwili huo unashikiliwa na boliti yenye tundu la pembe sita, milimita 10, unayoifikia ukishatoa ekseli. Unabadilishwa peke yake, mradi upate wa familia ileile, kwa sababu meno yanayoshikana na mwili wa habu hayafanani toleo hadi toleo.

Urefu wake pia ni wa kuangalia. Mwili wa gia saba ni mfupi kuliko wa nane, tisa na kumi, ambazo zenyewe zinatumia urefu mmoja. Wa gia 11 za baiskeli za barabara umeongezwa milimita 1.85. Kaseti fupi kwenye mwili mrefu inakaa kwa kuongeza ringi ya kujazia. Kaseti ndefu kwenye mwili mfupi haikai. Na habu za kaseti za mwanzo kabisa, ambazo gia ndogo ya mwisho ndiyo ilikuwa nati yenyewe, zinahitaji gia za aina hiyo. Ukiona nyuzi nje ya ncha ya mwili wa kaseti na hakuna nyuzi ndani, umeshika moja ya hizo. Nzuri kwa mkusanyaji, usumbufu kwa mwingine.

Dalili isiyosikika: flanji

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko pote, maana gololi mbovu inakuchosha na flanji iliyopasuka inakuangusha.

Futa flanji mpaka ing'ae, hasa pembezoni mwa matundu. Washa tochi na uilaze karibu sambamba na flanji, ili mwanga upige kwa ubavu. Unatafuta uzi mweusi mwembamba unaotoka kwenye tundu kuelekea ukingo wa nje, au unaounganisha tundu na tundu. Mkwaruzo wa kawaida hukatika popote. Ufa huanzia kwenye tundu. Ukiwa na shaka, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa yakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Ufa wowote, hata wa milimita moja, ni mwisho wa habu hiyo. Haichomelewi. Usiihifadhi “kwa dharura” pia. Toa koni na ekseli zake, mwili utupe.

Matundu yenyewe yatakuwa na alama ambapo kiwiko cha spoki kimelala. Hizo ni kawaida kwenye alumini na si ugonjwa, ila piga picha ya gurudumu kabla ya kulifumua. Ukisuka upya, laza spoki katika mwelekeo uleule ili kila moja irudi kwenye kitanda chake. Ukizigeuza, unachimba alama ya pili kando ya ya kwanza, na nyama iliyobaki kati yake ndiyo inayopasuka. Kwa sababu hiyohiyo, habu ya zamani usiisuke kwa spoki zilizonyooka kutoka katikati kwenda rimu bila kupishana. Zinavuta flanji kuelekea nje moja kwa moja, na flanji nyingi za zamani hazikutengenezwa kwa mvuto huo.

Kwenye habu za bei ya chini, flanji za chuma zimebanwa kwenye bomba la katikati kama vipande vitatu. Shika flanji mbili kwa mikono miwili, zisokote kinyume. Zikisogea hata kidogo, hakuna cha kuokoa. Sumaku inasaidia kutenganisha: ikinasa mwilini, ni chuma, na isipokuwa ni habu ya gia za ndani au ya breki ya kukanyagia nyuma, chuma mara chache hustahili spoki mpya.

Habu ni nzima lakini haikufai

Pima umbali kati ya nyuso za nje za nati mbili za mwisho, pale fremu inapobana. Mbele, milimita 100 ndiyo kawaida ya miaka mingi, na ndiyo maana habu za mbele ni rahisi kuzipatia kazi. Nyuma ni hadithi nyingine: 120 kwa gia tano za zamani, 126 kwa sita na saba, 130 kwa baiskeli za barabara za gia nane na kuendelea, 135 kwa baiskeli za milimani. Habu ya 126 inaweza kuongezewa ringi ikafika 130 kama ekseli ina urefu wa kutosha. Fremu ya chuma inaweza kutanuliwa milimita nne kwa uangalifu. Ya alumini au kaboni usiiguse. Na kama fremu yako inatumia ekseli nene ya kupenya, ya milimita 12 au 15, habu ya koni ya zamani haina njia ya kuingia humo.

Hesabu matundu. 32 na 36 zina rimu nyingi. Baiskeli za Kiingereza za zamani zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, na rimu ya matundu 40 ni ya kutafuta kwa tochi. Pata rimu kwanza.

Habu za Kifaransa za zamani zina nyuzi za friwili za milimita 34.7, karibu sana na za Kiingereza lakini si sawa. Friwili ya kawaida ikianza kuingia kisha ikakaza baada ya mzunguko mmoja au miwili, irudishe. Ukilazimisha, nyuzi za alumini zinakufa.

Habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer ni neno jingine. Modeli ya AW ina tarehe iliyogongwa kwenye mwili, na ukiikuta inateleza usiikatie tamaa: kati ya gia ya pili na ya tatu kuna nafasi isiyokamata kitu, na waya uliolegea au kukazwa vibaya huiacha humo. Tia mafuta mepesi kwenye tundu lake, iache usiku kucha, rekebisha waya, ndipo uhukumu. Habu hizi ninaziokoa karibu zote.

Je, inalipa?

Gharama ya gurudumu la kusukwa iko kwenye rimu, spoki mpya na kazi ya fundi, na gharama hiyo ni ileile habu iwe ya kifahari au ya kawaida. Spoki za zamani usizitegemee. Urefu wake ni wa rimu ile, na kama moja ilishakatika kwenye kiwiko, nyingine ziko nyuma yake kwenye foleni. Kwa hiyo habu ya kati, nzima lakini ya kawaida, kwa kweli haifai kusukiwa gurudumu jipya. Itoe koni na ekseli uziweke kama vipuri. Habu ya daraja la juu yenye vikombe laini inalipa kila siku.

Kuna njia ya mkato moja. Kama rimu mpya ina kipenyo cha ndani, pale nipeli (vile vinati vya kukazia spoki) zinapokaa, kinachotofautiana na cha zamani kwa milimita moja au mbili tu, na spoki bado ni changa, ifunge kwa tepu ubavuni mwa rimu ya zamani, tundu la valvu likitazamana na jingine. Legeza zote, kisha hamisha spoki moja moja. Habu haitoki hata kidogo.

Ukiamua kuitoa, legeza kila nipeli nusu mzunguko, zunguka gurudumu zima, rudia mpaka spoki zilegee kabisa. Nipeli zilizoganda zipe mafuta na muda. Koleo iingie mwisho, spoki zikiwa hazina mvuto, na miwani ikiwa usoni; spoki iliyokazwa ikikatwa huruka. Koni za kushoto na kulia zifunge kwenye mifuko tofauti, kwa sababu za nyuma mara nyingi hazifanani. Andika kwenye karatasi idadi ya matundu, upana kati ya nati, kipenyo cha duara la matundu kwenye kila flanji, na umbali wa kila flanji kutoka katikati. Hivyo ndivyo vipimo utakavyoulizwa siku ya kununua spoki, na kuvichukua habu ikiwa mtupu mezani ni rahisi kuliko wakati mwingine wowote.